Bastola ipi inamfaa mtu wa zamu za usiku Minnesota?

Mama Zamu, Brooklyn Park

Shikamooni wakubwa, na habari zenu nyote. Ninafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wazee majumbani mwao katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, na zamu zangu nyingi huanza saa nne usiku au huisha alfajiri kabla hakujapambazuka. Sina kituo kimoja cha kazi. Ninaegesha gari mtaani, ninatembea hadi mlangoni kwa mteja, na baada ya saa chache ninahamia kwa mwingine. Majira ya baridi yaliyopita gari moja lilinifuata kutoka kituo cha mafuta kupitia mitaa kadhaa, na ingawa hatimaye lilikata kona na kupotea, tangu hapo nimekuwa nikifikiria kuomba kibali cha kubeba bastola.

Nina ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, sina kesi yoyote, na nyumbani nina watoto wawili ambao wako shule ya msingi. Dukani nilionyeshwa SIG Sauer P365, Glock 19, na rebolva ndogo ya Smith & Wesson ya risasi tano ambayo muuzaji alisisitiza kuwa ndiyo “ya kina mama” kwa sababu haina mambo mengi. Mikono yangu ni midogo na sijawahi kufyatua risasi hata moja maishani. Naomba mwenye uzoefu anieleze ni ipi inayobebeka kila siku bila kuonekana, na kama ni kweli kwamba rebolva ndiyo rahisi kwa anayeanza. Kama kuna jambo la kisheria linalomhusu mtu asiye raia, nisaidieni pia kabla sijatoa pesa.

Mzee wa St. Cloud

Marahaba, mwanangu. Nina kibali hicho na nimekihuisha zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitaanza na swali lako la mwisho, maana jibu lake linaweza kubadilisha hata hayo ya mwanzo.

Sheria ya shirikisho inamruhusu mkaazi wa kudumu kununua na kumiliki bastola. Wanaozuiwa ni wale waliomo nchini bila hadhi halali na, ukiacha masharti machache kama kuwa na leseni ya uwindaji, wale walioingia kwa viza za muda kama za masomo au matembezi. Dukani utajaza Fomu 4473, yaani fomu ya shirikisho ya kununua silaha, ambayo itauliza uraia wako na namba yako ya uhamiaji. Ijaze kwa mkono wako mwenyewe na usikubali mtu akuharakishe kwenye kaunta. Mkaazi anayetia alama kwenye kisanduku cha raia wa Marekani, akijua kuwa siye, amejidai uraia kwa uongo, na dai hilo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumwondosha mtu nchini. Fomu hiyohiyo inauliza kuhusu bangi. Minnesota iliihalalisha kwa watu wazima kuanzia tarehe 1 Agosti 2023, lakini sheria ya shirikisho haikufuata, na fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi jibu.

Zito kuliko yote ni sheria ya uhamiaji, ambayo inamfanya mtu asiye raia aweze kufukuzwa nchini akipatikana na hatia ya kosa linalohusu silaha ya moto, hata kama mahakama ya jimbo ilimpa adhabu ndogo. Kosa ambalo jirani yako mzaliwa wa hapa angelilipia faini na kuendelea na maisha yake, wewe linaweza kukufikisha mbele ya jaji wa uhamiaji. Ndiyo maana vijana wanaonijia wakiwa wamebakiza muda mfupi kuomba uraia huwa ninawaambia wasubiri wakiupata ndipo waende dukani. Wengine hunikasirikia.

Kibali chenyewe kinaombwa kwa sherifu wa kaunti unayoishi, na kwako hiyo ni Hennepin. Unatakiwa uwe umehudhuria mafunzo ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, yakiwemo masomo ya sheria na kufyatua risasi kweli mbele ya mkufunzi, kisha unapeleka fomu mwenyewe. Ada haizidi dola 100, sherifu ana siku 30 za kukujibu, na kibali kinadumu miaka mitano. Kikitoka, unakibeba pamoja na kitambulisho kila unapokuwa na bastola mwilini, wala huruhusiwi kuibeba hadharani ukiwa umekunywa pombe kufikia kipimo cha 0.04, ambacho ni nusu ya kile cha dereva.

Sasa njoo kwenye kazi yako. Mwajiri ana haki ya kukukataza kubeba silaha ukiwa kazini, na wakala wengi wa huduma za majumbani wameliandika jambo hilo katika kanuni ambazo ulizitia sahihi siku ya kwanza pengine bila kuzisoma. Hawezi kukukataza kuiacha ndani ya gari lako kwenye maegesho yake, lakini wewe huegeshi kwake, unaegesha mtaani. Mteja naye, nyumba ikiwa ni yake, anaweza kukataa silaha isiingie kwake kwa namna yoyote atakayotaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bastola ipi, chukua kijitabu cha mwajiri wako ukisome, kisha ujiulize bastola hiyo itakuwa wapi katika saa zako za kazi. Kama jibu ni “ndani ya gari mtaani, saa saba usiku”, basi hujanunua ulinzi wako, umemwekea mwizi wa magari mali ya kuiba.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba Minnesota, ukiwa nje ya nyumba yako, inakuwajibisha kurudi nyuma na kuepuka endapo jambo hilo linawezekana kwa akili ya kawaida. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua katika kesi ya Blevins kwamba wajibu huo unatangulia hata kabla hujaitoa silaha kwa ajili ya kumtisha anayekutishia. Gari lililokufuata usiku ule lilikuwa na jibu ambalo ulikuwa nalo tayari, nalo ni mguu kwenye mafuta na barabara ya kuelekea penye taa na watu. Mtu aliye ndani ya gari linalotembea, ambaye badala ya kuondoka anatoa bastola, atapata tabu sana kuieleza mahakama kwa nini hakuondoka.

Sijasema usinunue. Nimesema hayo ndiyo yanayochagua bastola, na chapa iliyopigwa kwenye chuma huja baadaye.

Dada wa Columbus

Mzee ameitendea haki sheria, nami nitabaki kwenye chuma. Mikono yangu nayo ni midogo, na maneno ya “ya kina mama” nimeyasikia katika kila duka nililoingia. Jibu fupi ni hapana: rebolva ndogo ni rahisi kuielewa lakini ni ngumu kuifyatua.

Ni rahisi kuielewa kwa sababu haina sehemu ya juu ya kuvuta wala magazini, yaani kasha la risasi, ya kuchomeka. Unafungua, unaweka risasi tano, unafunga. Shida inaanza kwenye triga. Katika hizo rebolva zisizo na nyundo ya nje, mvuto mmoja wa triga unazungusha ngoma inayobeba risasi, unainua nyundo iliyofichwa ndani na kuiachia, kwa hiyo unahitaji nguvu nyingi na safari ndefu ya kidole. Mkono mdogo ukipambana na mvuto huo hutetemeka, na mtutu hushuka chini kabla risasi haijatoka. Ongeza mtutu wa inchi mbili hivi, vilengeo vilivyo kama mchirizi tu juu ya chuma, na uzito wa gramu 400 na kidogo unaoacha teke lote la kufyatua liishie kiganjani. Wapigaji hodari wanaipenda kwa kuitia mfukoni, na wana haki, kwa kuwa walishajifunza kwingine. Hali ni hiyohiyo kwa bastola za mfukoni za risasi ya .380 kama Ruger LCP, ambayo haifiki gramu 300. Inabebeka kama pochi, lakini ukimaliza boksi moja la risasi kiganja kinakuomba huruma.

Glock 19 imekuwepo tangu mwaka 1988 na sina la kuilaumu. Ina risasi 15 kwenye magazini, ni nzito kiasi cha kutulia mkononi, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Kwa mwili mwembamba chini ya blauzi, hata hivyo, unene wa mshikio wake ndio unaojichora kwenye nguo mtu anapoinama, na wewe kazini unainama mara nyingi. SIG P365 ilipotoka mwaka 2018 iliwashangaza wengi kwa kuweka risasi 10 ndani ya bastola ya nusu kilo nyembamba kiasi kile, na ndiyo sababu watengenezaji wengine walikimbilia kutoa zinazofanana nayo. Kati ya tatu ulizoonyeshwa, hiyo ndiyo ningeishika kwanza. Nitaongeza ya nne ambayo muuzaji hakukutajia, Smith & Wesson Shield EZ ya milimita 9, yenye magazini ya risasi nane. Imeundwa ili sehemu yake ya juu ivutike kwa nguvu kidogo, na nyuma ya mshikio ina sefti, yaani kizuizi cha usalama, inayobanwa na kiganja chenyewe, kwa hiyo isiposhikwa sawasawa haifyatuki. Ni kubwa kidogo kuliko P365, lakini kwa anayeanza ukubwa huo ni faida.

Kuhusu kipimo cha risasi usiumize kichwa. FBI, wapelelezi wa shirikisho, walikuwa wametumia risasi nene zaidi za .40 kwa miaka mingi, wakarejea kwenye milimita 9 katikati ya muongo wa 2010, kwa hoja kwamba risasi za kisasa za kipimo hicho zinatosha na maofisa wao wanalenga vizuri zaidi kwa teke dogo. Za mazoezi ni zile zilizofunikwa shaba hadi nchani. Za kubebea ni zile zenye tundu kwenye ncha, ambazo hupanuka zinapogonga, hivyo uwezekano wa kupenya na kumwendea asiyehusika unapungua. Jaribu pia magazini kadhaa za hizo za kubebea kwenye bastola yako kabla ya kuiamini, maana zipo bastola zinazokwama na aina fulani.

Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaokodisha silaha, siyo dukani. Kwanza hakikisha mkufunzi ameiondoa magazini na kukuonyesha chumba cha risasi kitupu, kisha ishike mtutu ukielekea kwenye shabaha. Shika juu kabisa ya mshikio, na utazame kama mtutu umenyooka na mfupa wa mkono wako wakati nyama ya ncha ya kidole iko kwenye triga. Ukilazimika kuzungusha kiganja ili kidole kifike, hiyo siyo yako hata kama imepunguzwa bei. Kukoki, yaani kuvuta sehemu ya juu ili risasi iingie chumbani, nako kuna namna yake. Wengi hunyoosha mkono na kuvuta sehemu ya juu kwa ncha za vidole viwili, wakashindwa, wakaambiwa hawana nguvu. Ilete karibu na kifua, ishike sehemu ya juu kwa kiganja kizima, kisha uisukume bastola mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukibaki palepale. Nimewaona akina mama waliokuwa tayari kununua rebolva wakibadili nia hapohapo baada ya kuonyeshwa hilo tu.

Halafu mfuko wa kuibebea bastola mwilini. Hapa ndipo watu hutumia dola mia tano na zaidi kwa bastola, kisha wakanunua mfuko wa kitambaa wa bei ya chakula cha mchana. Mfuko uwe mgumu, wa plastiki ngumu iitwayo Kydex au ngozi nene, ufunike triga yote, na uwe umetengenezwa kwa ajili ya bastola hiyohiyo. Sare za wauguzi hazina mkanda, kwa hiyo utahitaji mshipi mpana wa kufunga tumboni wenye mfuko mgumu ndani yake. Vaa siku nzima nyumbani, bastola ikiwa tupu, uiname, uinue kapu la nguo, uketi kwenye gari na ufunge mkanda wa usalama. Utajua ndani ya saa moja kama maisha yako yanaikubali. Kuibeba kwenye mkoba wa begani sikushauri, kwa sababu mkoba ndio kitu cha kwanza kuporwa na ndio kitu ambacho watoto huchokoa wakitafuta pipi.

Mama Zamu

Nimeshukuru sana, na nimekisoma kile kijitabu cha mwajiri. Mzee alikuwa sahihi, kinakataza silaha yoyote mwilini kwa mfanyakazi aliye zamu. Hakisemi kitu kuhusu gari langu binafsi. Naomba kuuliza mawili zaidi. La kwanza, polisi akinisimamisha barabarani nikiwa nayo, nifanye nini? Jina langu na rangi yangu mnavijua. La pili, nyumbani niiweke wapi, maana yule mkubwa hupekua kila kabati.

Mzee wa St. Cloud

Hapa jimboni sheria inakutaka umweleze ofisa kama umebeba bastola pale anapokuuliza. Haikulazimishi uanze wewe. Wakufunzi wengine wanashauri kusema mapema, na wengine wanashauri kungoja kuulizwa. Sitajifanya kwamba jambo hili linaisha kwa kanuni. Philando Castile alikuwa na kibali halali cha jimbo hili hili. Tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa pale Falcon Heights, akamwambia ofisa kwa adabu kwamba ana silaha, na muda mfupi baadaye alipigwa risasi akiwa bado amefungwa mkanda wa gari, mwenzake na mtoto mdogo wakiwa ndani. Ofisa yule alishtakiwa, na mwezi Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Februari 2022 Amir Locke, ambaye familia yake ilisema alikuwa na kibali, aliuawa na polisi waliovamia nyumba moja mjini Minneapolis akiwa amelala kwenye kochi, bastola yake mkononi alipoamka.

Ninachokifanya mimi ni hiki. Leseni ya udereva na kibali hukaa pamoja mahali palipo mbali na bastola, upande mwingine wa gari, ili mkono wangu usiwe na sababu ya kusogea karibu nayo. Nikisimamishwa ninawasha taa ya ndani na mikono inabaki juu ya usukani. Nikianza kueleza, neno “kibali” linatangulia, na “bastola” inafuata, kisha ninauliza anataka nifanye nini, na sisogei mpaka anijibu. Ninaijua sheria inayonipa haki ya kubeba, lakini kwa safari za usiku za peke yangu huwa ninaiacha nyumbani mara nyingi kuliko vijana wangu wanavyodhani. Hilo ni la kwangu. Wewe pima la kwako.

Dada wa Columbus

Kuhusu watoto: kabati, juu ya friji, chini ya godoro, ndani ya sanduku la vitenge, kote huko ameshafika. Nunua sefu ndogo ya chuma ya kufungua kwa vitufe au ufunguo, uifunge kwa boliti sakafuni au ukutani, na namba yake usiiandike popote. Kwa Minnesota kuacha bastola yenye risasi mahali ambapo ulipaswa kujua kuwa mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia ni kosa, na kumbuka alichosema mzee kuhusu makosa ya silaha na kadi ya kijani. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba bastola ina mahali pawili tu, mwilini mwangu au ndani ya sefu. Ndani ya gari iwepo kwa dharura tu, nayo iwe kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya mnene kwenye miguu ya kiti, kwa sababu kioo cha gari huvunjwa kwa jiwe.

Kwa zamu zako, kwa kuwa mwilini huruhusiwi, mimi ningeuliza kama mwajiri anakubali dawa ya pilipili na kengele ya mkononi, na ningedai kwa maandishi kwamba wateja wa usiku wa mtaa fulani wapewe watu wawili. Hiyo bastola, ukiinunua, itakuwa ya siku zako za mapumziko.

Msafiri wa Nairobi

Naingilia kidogo kwa jambo moja tu ambalo huwapata wenzetu wanaokuja likizo. Mkoba wowote uliowahi kwenda nao uwanja wa shabaha usisafiri nao, kwa sababu risasi moja huteleza ndani ya bitana na kukaa huko bila mwenyewe kujua. Mashine za uwanja wa ndege zitaiona, iwe ni Minneapolis, Doha au Jomo Kenyatta. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na hata risasi moja tu isiyo na cheti ni kosa. Kibali cha sherifu wa Hennepin hakina nguvu yoyote hapa. Hata huko kwenu hakivuki kila mpaka wa jimbo. Illinois haitambui vibali vya majimbo mengine, na wengi wenu huwa mnaenda Chicago kwa harusi.

Mama Zamu

Nimeelewa. Nimejiandikisha mafunzo yanayoanza na siku ya kukodi bastola uwanjani, na nimeomba nianze na Shield EZ halafu P365. Dukani sirudi kabla ya hapo. Kuhusu watu wawili kwa wateja wa usiku, nimewaandikia wakala barua pepe leo na ninangoja jibu.

Mzee wa St. Cloud

Vema. Mkufunzi wako muulize kama darasa lake linafundisha sheria ya Minnesota kwa undani au anasoma slaidi za jimbo lingine, maana wapo wa namna hiyo. Na barua pepe hiyo uitunze.